Tundu Katikati ya Blanketi

Port Dalhousie, Machi 9

Kwako Darka, mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako Orest, bado mzima, bado mzuri wa sura, na mabega yake bado yanakwama mlangoni mwa kanisa. Shangazi yako Stefa anakusalimu yeye pamoja na goti lake, maana siku hizi goti ndilo linalosema sana nyumba hii. Mama yako hajambo. Alhamisi alishinda bata mzinga kwenye bingo ya ukumbi wa kanisa, na tangu hapo haongei na watu wa kawaida kama sisi.

Barafu ya bwawa la Martindale imeanza kupasuka. Juzi nilikuwa zamu kiwandani Thorold, mashine za karatasi zinanguruma, na bado niliisikia inalia. Stefa anasema hakuna mtu anayeweza kusikia bwawa toka mbali vile. Nimemwambia inategemea masikio ni ya nani.

Sasa jambo lenyewe. Leo nimelitoa nje blanketi la bibi yako Paraska lipigwe na upepo. Majirani wamesimama uani kwao wakilitazama kama wanatazama bendera. Mama yangu yule hakuwahi kushika kasia maishani mwake, lakini alijua thamani ya jezi. Kila nilipomshinda mtu akanivulia jezi yake palepale gatini, kama desturi yetu wapiga makasia inavyotaka, yeye aliifua, akaikata, akaishona. Buffalo wamo. Detroit wamo. Philadelphia wamo mara mbili, maana walirudi mwaka uliofuata wakidhani mara ya kwanza nilibahatisha. Wale wa Toronto wenye pua juu nimewaweka miguuni.

Na katikati, lile tundu. Nilimwuliza, "Mama, mbona umeniachia dirisha?" Akanijibu, "Hapo ni pa ile ambayo hujaipata." Basi siku ulipochaguliwa timu ya taifa nilisimama mbele ya klabu nzima nikasema tundu lile ni la jezi ya Ujerumani Mashariki, na atakayeileta ni mpwa wangu. Gordie MacQuarrie alikuwepo, na unamjua Gordie, hasahau ila siku ya zamu yake ya kununua bia. Kila mwaka ananiuliza, "Orest, blanketi bado linaingiza baridi?"

Mwaka huu ndio mwaka wetu, Darka. Nausikia kama nilivyoisikia barafu.

Mjomba wako,
Orest Hnatiuk, ambaye hajashindwa (isipokuwa pale upepo ulipoingilia)


Victoria, Aprili 2

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na nampa pole Shangazi Stefa na goti lake. Mwambie sweta alilonifumia nalivaa kila asubuhi ziwani na wenzangu wananionea wivu. Mwambie mama bata mzinga ni mwanzo tu, ajihadhari na umaarufu.

Huku kunanyesha tu. Elk Lake na mbingu vimekuwa kitu kimoja. Tunaamka, tunapiga makasia, tunakula, tunapiga makasia, tunalala. Mbavu zangu zilinisumbua kidogo mwezi wa pili lakini si neno.

Wiki hii kocha anatupimia viti. Unajua mwenyewe inavyokuwa: boti mbili za watu wanne zinashindana, halafu mnasimama katikati ya ziwa, mmoja anavuka kutoka boti hii kwenda ile na mwenzake anavuka kuja huku, mnashindana tena. Hakuna anayekuambia lolote. Unajua tu kwamba boti uliyohama imekwenda vipi bila wewe. Kiti changu kinatakiwa na msichana mmoja kutoka Saskatchewan, Noreen, mrefu kama ghala la ngano, na mwenye adabu. Kila akivuka kunipisha ananiambia, "Samahani, Dada Darka." Sijui ananiomba samahani ya nini.

Mjomba, unakumbuka nilivyokuwa nikilivaa lile blanketi? Nilikuwa natoa kichwa kwenye tundu, natembea jikoni kama padri, nawabariki wote kwa mwiko. Bibi alinipigia makofi. Usiku nilipolilalia nilikuwa naziba tundu kwa kiganja, maana baridi ilipita pale pale kifuani.

Nisalimie bwawa.

Darka


Port Dalhousie, Aprili 28

Darka, mkono wa chuma,

Tumesherehekea Pasaka, tumekula mpaka meza ikaomba msamaha. Stefa alitengeneza pirohi, vile vitumbua vya kuchemsha, za viazi, za kabichi, na za jibini, na mimi sikutaka kumbagua yeyote. Mama yako hajashinda tena kwenye bingo, kwa hiyo tumerudi kuongea.

Umeniandikia habari za kupimwa viti lakini hukuandika mwisho wake. Sawa, mwisho naujua, ni damu yangu ile. Mimi nilipimwa viti mara nyingi, na kila boti niliyohama ilikataa kwenda. Iliota mizizi. Kocha wetu mzee alilazimika kuivuta kwa kamba.

Huyo wa Saskatchewan asikusumbue. Urefu si kitu. Nikukumbushe mbio zetu na Buffalo, kabla hujazaliwa. Boti yetu ya mbao ilipasuka njiani. Maji yakaja kwenye vifundo, yakaja kiunoni, tukaendelea kupiga. Mshika usukani wetu, Metro Wasylyk, mdogo kama chupa ya maziwa, alikuwa anapiga kelele huku akitema maji. Tulipovuka mstari hakuna boti iliyoonekana, mwamuzi akatangaza kwamba mshindi ni kofia nane. Na unajua desturi, mkishinda mnamtupa mshika usukani majini. Metro alikuwa tayari majini! Lakini desturi ni desturi. Tulimtoa, tukamkausha kidogo, tukamtupa tena.

Jezi zao za Buffalo ndizo ile safu ya bluu. Ukija, shika ncha ya blanketi unuse, bado ina harufu ya ziwa.

Nimelifungua gazeti la michezo kila siku. Timu bado hawajaiandika. Niandikie kiti chako ni kipi nikamwambie Gordie.

Mjomba wako


Lucerne, Uswisi, Julai 14

Mjomba wangu,

Nisamehe kwa kimya kirefu. Miezi imepita kama kamba inavyoponyoka mkononi. Natumaini goti la Shangazi limeona jua, na mama hajambo. Nilimpigia simu kabla ya kuondoka lakini tuliongea zaidi habari za jirani yake na uzio.

Tumeshindana hapa jana. Boti yetu ya wanane imekuwa ya tatu. Wajerumani wa Mashariki wameshinda, kama kawaida yao, kama watu wanaokwenda dukani. Lakini yetu ilikuwa nzuri, Mjomba. Ungeona pua yake ilivyokuwa ikiinuka kila kasia, ikija na kuja, na bendera za mstari wa mwisho zinapepea, na mzee mmoja kando ya maji anatikisa kengele ya ng'ombe mpaka kofia ikamtoka. Kwa muda nilidhani tutawapata. Makasia yote manane yalikuwa yanaingia majini pamoja, kama kope za jicho moja.

Agosti tunakwenda Denmark kwa mashindano ya dunia. Sijapata jezi bado. Usimwambie Gordie kitu.

Milima ya huku ni mizuri lakini imesimama karibu mno, kama watu wasiojua kubisha hodi. Naikumbuka Port, na ile bembea ya farasi wa mbao inayozunguka pale ufukweni, na wewe ukijifanya farasi ni wako.

Darka


Port Dalhousie, Agosti 5

Mpwa wangu,

Barua yako imefika, na nimeisoma mara mbili, halafu nimekwenda kukaa gatini.

Mashindano yetu ya Henley yamekwisha jana. Kile kisiwa cha bwawani kilijaa watu, soseji ziliisha kabla ya adhuhuri, jua liliwachoma wazungumzaji na wasikilizaji kwa usawa. Wasichana wa klabu yetu waliingia boti ya wanne. Wanapiga makasia kama watu wanaofukuza nyuki. Si kosa lao, hawana wa kuwafundisha, kocha wao amehamia Hamilton kufuata mchumba. Wakawa wa mwisho, wakavua jezi, wakatoa, wakalia, wakala aiskrimu. Nilipowaona nilikukumbuka wewe mwaka ule wa kwanza. Wewe hukula aiskrimu.

Gordie akanijia na kikombe chake. "Orest, mpwa wako yuko kiti cha ngapi mwaka huu?"

Nikamwambia, "Yuko kwenye timu."

"Najua yuko kwenye timu. Kiti cha ngapi?"

"Gordie, wewe ulikaa kiti cha ngapi zaidi ya hicho cha baa?" Watu wakacheka, naye akacheka, mambo yakaishia hapo.

Nimekumbuka kitu cha zamani, sijui kwa nini. Kabla Metro Wasylyk hajawa mshika usukani wetu alikuwa mtu wa akiba. Misimu mizima alitubebea makasia, alitushikia viatu gatini, alijua kila kiti kinavyopigwa kwa sababu siku yoyote angeweza kuitwa kukikalia. Asubuhi alikuwa wa kwanza majini na wa mwisho kula. Hakuna picha hata moja ukutani yenye sura yake ya wakati ule. Na nakuambia, mimi ambaye nimejisifu mpaka taya limelegea, kwamba hakuna mtu niliyemwogopa zaidi ya Metro. Mtu anayekaa tayari bila kuitwa ana nguvu ambayo sisi wengine hatujui inatoka wapi.

Ni hadithi tu. Vaa kofia huko. Mtu akisimama juani muda mrefu kichwa kinauma.

Mikono yako vipi? Yule msichana wa Saskatchewan hukumtaja tena.

Mjomba wako


Copenhagen, Septemba 1

Mjomba Orest,

Salamu kwako, kwa Shangazi, na kwa mama. Mimi ni mzima, na barua hii imekuja na kifurushi. Usikifungue kwanza. Najua umeshakifungua.

Noreen ndiye aliyekaa kiti changu. Tangu Aprili. Siku ile ya kupima viti, nilipovuka kwenda boti ya pili, ile niliyoiacha iliondoka kama imefunguliwa mnyororo. Niliisikia kabla sijaiona. Kocha alikuja kunitafuta na maneno yake mazuri mkononi, nikamwambia asijisumbue. Mimi ni mtu wa akiba, Mjomba. Kule Uswisi nilisimama nchi kavu. Nikikuandikia nilisema "sisi", kwa sababu kweli ni boti yetu, lakini nilijua utasikia nini.

Sikukuambia kwa sababu ya lile tundu. Miaka yote hii kila nilipotaka kuacha nimeliona lile tundu. Nimepiga makasia na ubavu uliovunjika kwa ajili yake. Sikulaumu. Nilikuwa napenda kuliona. Lakini ningekuambiaje kwamba mimi sitaliziba?

Sasa sikiliza, maana hili huwezi kulisoma kwenye gazeti lolote. Hapa kuna desturi: jioni moja, kabla ya fainali, watu wa akiba wa nchi zote wanashindana wenyewe kwa wenyewe, wawili wawili. Hakuna medali wala wimbo wa taifa. Matokeo hayaandikwi popote. Jukwaa lilikuwa tupu isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anafagia.

Mimi nilipiga na Solange, msichana wa Quebec, wa akiba kama mimi. Tulikuwa tumeshirikiana miezi yote ile bila kuambiana neno kubwa. Pembeni yetu walikuwa Wajerumani wa Mashariki. Mmoja anaitwa Ilka, mgongo kama mlango wa ghala. Nikamwambia Solange, "Dada, leo hakuna mtu wa kumwachia kiti." Akajibu, "Basi twende."

Hakuna upepo uliovuma, Mjomba. Maji yalikuwa shwari. Nilimwona Ilka pembeni kwa muda mrefu, bega kwa bega, halafu nikaanza kuuona mgongo wake. Unajua maana yake: tunaowaona migongo ni wale tuliowaacha nyuma tu. Nikaendelea kuuona, ukawa unapungua. Miaka yote niliyoshindana na nchi ile wao ndio waliouona mgongo wangu. Sikuwahi kuuona wa kwao.

Gatini Ilka alikuja kwangu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kwa sababu inasemekana viongozi wao huhesabu nguo. Halafu akavua jezi, akaikunja ndani ya taulo, akanipa kwa mikono miwili. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikamvisha sweta la Shangazi Stefa. Tulicheka kama wajinga. Hajui Kiingereza na mimi sijui chake. Akanionyesha viganja vyake, nikamwonyesha vyangu. Sugu zile zile, mahali pale pale.

Wanane wetu wamekuwa wa tano kwenye fainali. Noreen alilia, nikamshikia viatu.

Ile kwenye kifurushi si jezi ya boti ya wanane. Ni ya mtu wa akiba, aliyeshindwa na mtu wa akiba, mbele ya mfagiaji. Kama haifai kwa tundu, niambie ukweli, nitaelewa.

Mimi naacha, Mjomba. Nimechoka, na si uchovu wa kulala. Sijui nitakwenda wapi.

Darka


Port Dalhousie, Oktoba 19

Darka, mpwa wangu,

Sote wazima. Majani ya miti kando ya mfereji yamekuwa mekundu, na mama yako ameshinda tena, safari hii birika la umeme, kwa hiyo usipige simu wiki hii, hatapokea. Stefa anauliza kama lile sweta lilimtosha Mjerumani mabegani. Amesema kama lilimbana atafuma lingine, lakini hajui alitume wapi.

Kwanza nikuambie kwamba nilijua. Nilijua tangu barua ya Uswisi. Uliniandikia umeziona bendera za mwisho zinapepea, na pua ya boti inakuja. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hilo sikulikosa. Tangu lini mpiga kasia akaona pua ya boti yake? Sisi tunakwenda kinyumenyume maisha yetu yote. Mstari wa mwisho tunausikia mgongoni, tunachokiona ni tulikotoka tu. Aliyeona zile bendera alikuwa amesimama na miguu mikavu. Nilikwenda kukaa gatini, nikakaa mpaka Stefa akaja kunichukua. Sikuona aibu, ujue hilo. Niliona kwamba umesimama peke yako mahali pale na mimi sipo hata kukushikia mfuko.

Kifurushi nilikifungua kabla ya barua, kama ulivyosema.

Stefa ameishona. Ilichukua muda kwa sababu mama yangu alikata tundu kwa jicho, na jezi ya Ilka ni ya mtu mzima kweli kweli, ikabidi ikunjwe pembeni. Sasa imekaa katikati, na wale wa Toronto wako miguuni kwake kama inavyostahili.

Jumamosi ilikuwa chakula cha jioni cha klabu. Nililibeba blanketi begani, nikalitandaza juu ya meza ndefu, glasi zikaondolewa. Gordie akaja mbele akaweka miwani.

"Hii ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

"Haya, tuambie," akasema, akageukia wenzake. "Shikeni viti, jamani, leo kutakuwa na dhoruba na nyangumi."

Nikasimama. Unanijua, Darka, jioni kama ile nimeingoja tangu nikiwa na nywele. Nilikuwa nimeshaitayarisha na mawimbi yake. Halafu nikafungua mdomo nikawaambia ulivyoniandikia. Kwamba ulinyang'anywa kiti Aprili. Kwamba ulibeba makasia ya wenzako toka huku mpaka Uswisi. Kwamba jukwaani palikuwa na mfagiaji.

"Na upepo?" Gordie akauliza.

"Hakukuwa na upepo."

"Maji je? Boti haikuzama hata kidogo?"

"Yalikuwa shwari. Aliuona mgongo wake, basi."

Nilidhani watacheka. Hawakucheka; mle ndani kila mtu amewahi kupiga kasia, na kila mtu anajua kuuona mgongo wa mwenzako kunataka nini. Metro Wasylyk, ambaye siku hizi hasikii vizuri, aliniuliza nirudie ile sehemu ya watu wa akiba. Nikarudia kwa sauti. Akanyoosha mkono akaigusa jezi, akaacha kiganja chake pale muda mrefu. Gordie akaenda kununua bia za watu wote. Ndiyo, Gordie. Andika hilo mahali, maana nikilisimulia mimi hakuna atakayeliamini.

Nikaketi. Ni mara ya kwanza nasimulia jambo la familia yetu bila kuliongezea chumvi, na lilinitosha.

Hujui utakwenda wapi, umesema. Wale wasichana wanaofukuza nyuki bado hawana kocha. Barafu ikiondoka watarudi majini na kuumiza mtu. Sikulazimishi. Chumba chako kina godoro jipya, na blanketi liko juu ya kitanda. Jana nililijaribu, nikajilaza hapo na buti zangu mpaka Stefa akanifukuza. Kifuani hapapiti baridi tena.

Ila kuna hasara moja, nikuambie mapema usije ukashtuka. Huwezi tena kutoa kichwa pale katikati. Itabidi uingie kwa pembeni, kama watu wengine.

Njoo.

Mjomba wako Orest